Kengele Iliyonyamaza Kwenye Amina

Kijijini Lotovai, katika kisiwa cha Savaii, hapakuwa na kitu chenye majivuno kuliko kengele ya kanisa, ukimwacha mtu aliyeivuta kamba. Kengele ilibatizwa Ana zamani za mababu, ikapakwa mafuta matakatifu na kupewa wasimamizi wa ubatizo kama mtoto wa mtu. Mvuta kamba alibatizwa Pasilio, na tangu siku hiyo hakupakwa kitu kingine isipokuwa sifa, nyingi kati ya hizo akijipaka mwenyewe.

Alikuwa kijana mrefu, mwenye shingo isiyojua kuinama. Asubuhi alilima magimbi na mikakao ya mama yake, lakini ukimwuliza kazi yake alikwambia kwamba yeye ni sauti ya Lotovai. Asubuhi, adhuhuri na jioni aliipigia sala ya Malaika wa Bwana, akaita watu misani, akawasindikiza wafu makaburini, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba Ana akivutwa na mkono mwingine hutoa mlio wa sufuria. Tena alikuwa mshairi. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza mizani kwa kuhesabu mapigo ya kengele vidoleni, na kwa kuwa hakuwa na mwalimu, hapakuwa na wa kumwambia amekosea.

Shairi lake lililopendwa kuliko yote lilihusu mtungi wa Sakaria. Sakaria alikuwa shemasi wa kanisa lile lingine, la ndugu zetu Waprotestanti waishio ng'ambo ya kijito, kijito ambacho mwanamke mwenye mtoto mgongoni hukivuka bila kulowa magoti. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye uso wa upole na ulimi usio na upole wowote. Kengele yao ilikuwa mtungi wa gesi uliokatwa kitako, ukatundikwa kwenye mshelisheli ulio mbele ya nyumba yake, naye aliugonga kwa kipande cha nondo. Pasilio akatunga, na watoto wa pande zote mbili wakaimba:

Wametundika mtungi, umekwisha gesi yake,
Waugonga kwa vigingi, hata jogoo acheke,
Kelele zake ni nyingi, zaishia papo pake,
Ana wetu si wa mengi, asemapo tuitike.

Sakaria alilisikia shairi hilo kila siku, maana wajukuu zake mwenyewe walilijua vizuri kuliko Zaburi. Aliendelea kugonga mtungi wake, na jogoo wake, dume jekundu lililofungwa mguu jikoni, aliendelea kuwika kana kwamba kweli anacheka.

Sasa, kwa desturi ya Kanisa, jioni ya Alhamisi Kuu kengele hulia muda wote wimbo wa Utukufu unapoimbwa, kisha hunyamaza, kubwa na ndogo, mpaka Utukufu wa mkesha wa Pasaka. Katika siku hizo za kimya sisi huitana kwa gogo, shina la mti lililochimbwa tumbo, nalo hupigwa kwa rungu na katekista wetu, mzee Visesio. Pasilio alilidharau gogo hilo. Kwa hiyo kila mwaka aliuendea Utukufu wa Alhamisi kama mtu anayekula shibe ya mwisho kabla ya mfungo.

Mwaka huo, Jumapili ya Matawi, mzee Visesio alipanda mnarani akakagua ukanda wa ngozi unaouning'iniza ulimi wa kengele, yaani kile chuma cha ndani kinachogonga. Akauona umechakaa na kupasuka pembeni. Alimwambia Pasilio waubadilishe, au walau Alhamisi avute kwa upole. Pasilio akamjibu kwamba anaujua mwili wa Ana kuliko mganga anavyomjua mgonjwa wake, na kwamba ukanda ule utawazika wote wawili.

Palikuwa na jambo la pili, nalo lilikuwa Seletute. Seletute aliongoza kwaya, alikuwa na sauti ya kuwafanya wazee wasahau kusinzia, na ndiye aliyemwongoza Pasilio pia, jambo ambalo Pasilio hakulipenda ingawa yeye alimpenda Seletute. Alimpenda kimya kimya, kwa mashairi ambayo hayakuwahi kutoka chini ya mto wa kulalia. Ni hivi: ndani ya mnara, kengele ikishika kasi, mtu hasikii hata mawazo yake. Kwa hiyo Seletute husimama karibu na mlango wa pembeni, na Amina inapokaribia huinua leso nyeupe. Mvuta kamba hutazama kupitia dirisha la mnara, akiiona leso, huacha. Kila mwaka watu walinung'unika kwamba kengele imewahi kuacha au imechelewa. Mwaka huo Pasilio aliamua kwamba mshairi haongozwi na leso. Angevuta kwa moyo, na moyo ungemwambia.

Alhamisi ikafika. Padre Lafaele alianzisha Utukufu, kengele ndogo za altareni zikalia, na Pasilio akaishukia kamba kwa uzito wa mwili wake wote. Alifumba macho. Alivuta kama mtu anayeng'oa mbingu ili ashushe kipande. Ana alilia hadi makuti ya minazi yakatikisika, na popo wa mnarani wakahama wote kwa pamoja, na Pasilio alikuwa amekwisha kutunga beti mbili kuhusu popo hao wakati kamba ilipokuwa nyepesi ghafula mikononi mwake.

Akafumbua macho. Ana alikuwa bado anabembea, huku na huku, kinywa wazi, bila kusema kitu. Ndani yake hamkuwa na ulimi. Ukanda umekatika, chuma kimeruka kupitia dirisha la upande wa pili, na kimekwenda kinakokujua chenyewe.

Na sekunde hiyo hiyo, kule chini, kwaya ikaimba Amina.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kusikika Lotovai. Kengele na kwaya zilikuwa zimekoma pamoja, kama uzi uliokatwa kwa jino moja. Bibi mmoja alilia.

Baada ya misa watu walimzunguka Pasilio mlangoni mwa mnara. Padre Lafaele, ambaye husifu mara moja kwa mwaka na kwa kawaida husifu mvua, alimshika mkono akasema kwamba tangu apewe upadre hajasikia kengele inayoijua Amina namna ile. Ukweli ulikuwa kinywani mwa Pasilio, umefika kwenye meno. Hapo Seletute akapenya katikati ya watu.

"Leo hukunitazama hata mara moja," alimwambia. "Ulijuaje?"

"Nilisikia moyoni," Pasilio akasema.

Seletute akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Basi ukweli ukageuka, ukashuka tumboni, ukakaa huko.

Mzee Visesio alibaki nyuma ya wengine. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ukanda umeshika. Pasilio akasema umeshika.

Usiku ule hakuogopa sana, na sababu yake ilikuwa hii: mpaka Jumamosi jioni hapakuwa na mkono utakaoigusa kamba ile. Kanisa lote Katoliki, kutoka Roma mpaka Savaii, lilikuwa limemsitiri. Kilichobaki ni kuokota chuma, kukifunga, na kunyamaza. Lakini Jumamosi, Padre akianza Utukufu na Ana akakosa la kusema, Pasilio angekuwa mtu wa kwanza katika historia ya kijiji kumzuia Kristo asifufuke. Ndivyo yeye alivyoliona jambo hilo. Kwamba Kristo angefufuka hata bila yeye, wazo hilo halikumjia.

Ijumaa Kuu asubuhi alitambaa katika majani ya uwanja wa kanisa. Alipapasa chini ya minazi. Aliingia makaburini, akachungulia nyuma ya kila msalaba, na hapo ndipo mzee Visesio alipomkuta, mikono na magoti chini, na kumwuliza anatafuta nini. Pasilio akasema anang'olea marehemu magugu kwa ajili ya siku takatifu. Mzee Visesio akamsifu, akaketi juu ya kaburi la kaka yake, akamtazama aking'oa magugu mpaka jua likawa kali. Makaburi ya Lotovai hayajawahi kuwa safi kama mwaka ule.

Saa tisa alasiri tulitoka kwa Njia ya Msalaba, barabarani, juani, tumevaa mavazi ya kufiwa. Tulikuwa tumepiga magoti kituo cha tano, pale Simoni anapomsaidia Yesu kuubeba msalaba, ndipo mtungi wa Sakaria ulipolia kuwaita watu wake ibadani.

Kila mtu aliinua kichwa. Mtungi ule tulikuwa tukiujua. Ulikuwa na mlio wa mtu anayekohoa ndani ya pipa. Siku hiyo ulitoa sauti nene, ya duara, yenye mkia mrefu uliotambaa juu ya kijito na kuja kutulalia mabegani. Akina mama waliangaliana. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba labda wameununua mwingine. Padre Lafaele alipoteza mstari kwenye sala, akaurudia.

Pasilio peke yake hakuinua kichwa. Alikuwa ameusikia mguso ule maelfu ya mara, aliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mama yake gizani. Ulimi wa Ana, siku ambayo chuma cha Wakatoliki hakiruhusiwi kusema, ulikuwa unawaita Waprotestanti kanisani, na ulikuwa unafanya kazi nzuri.

Mzee Visesio alimsogelea wakielekea kituo cha sita. Alisema mtungi wa Sakaria umepata sauti leo, kisha akauliza kama ulimi wetu uko salama. Pasilio akasema uko mahali pake.

Jua lilipoanza kulegea alivuka kijito. Sakaria alikuwa ameketi ukingoni mwa nyumba yake, nyumba isiyo na kuta kama zetu zote, ana bakuli mkononi, mvuke unampanda usoni.

"Karibu, mshairi. Karibu mchuzi wa jogoo."

"Ahsante, mzee. Leo Ijumaa Kuu. Sisi hatuli nyama."

"Nimesikia hivyo," Sakaria akasema. "Mnaua tu."

Pasilio akatupa jicho upande wa jiko. Bati la paa lilikuwa na tundu la ukubwa wa kichwa cha mtoto, na chini ya tundu kamba fupi ilikuwa imelala mavumbini, haijafunga mguu wa mtu wala wa ndege. Akasema amekuja kuulizia mbegu za magimbi.

"Mbegu za magimbi." Sakaria akanywa mchuzi, akafuta mdomo. "Wajukuu zangu wana shairi wanaloliimba. Mahali fulani linasema hata jogoo acheke. Jogoo wangu hacheki tena, Pasilio."

Kisha akamweleza bila haraka. Alhamisi jioni walikuwa kwenye mazoezi ya nyimbo. Waliporudi alimkuta jogoo amelala na kile chuma kando yake, kama Habili na jiwe. Alikitambua mara moja. Hakukirudisha kwa sababu, katika malezi yake, kitu cha mtu kikianguka kwa jirani mwenyewe huja kukiomba, naye alingoja usiku kucha na asubuhi nzima asione mtu. Adhuhuri akafikiri labda Wakatoliki wamekitupa. Akakijaribu mtungini. Mchungaji wao alifurahi sana, akauliza wamekinunua mjini Apia au wameagiza Nyuzilandi.

"Sitaki pesa," alimalizia. "Sitaki jogoo mwingine. Sema tu, 'Mzee Sakaria, naomba.' Nakupa sasa hivi, na ukanda wa kufungia nakukatia."

Pasilio akafungua kinywa. Naomba ni neno la silabi tatu. Hakuna mstari wa shairi usio na nafasi yake. Aliwahi kulitia katika beti nyingi na halikumkwama. Sasa lilikwama. Alijiona akilisema mbele ya mtu wa mtungi, na mtu huyo akilirudia kesho kwa wengine, na wengine wakilitia wimbo, na wimbo huo, hili ndilo lililomuuma zaidi, ukiwa na mizani mibovu.

Akasema atarudi kesho.

"Kesho pia neno litakuwa lile lile," Sakaria akamwambia, akarudia bakuli lake.

Njiani Pasilio alimkumbuka Petro. Petro alikana mara tatu, jogoo akawika, akatoka nje akalia kwa uchungu na mambo yakaisha. Yeye amekana mara tatu mbele ya mzee Visesio na hakuna kilichowika. Jogoo ambaye angemwamsha, alikuwa amemwua kabla hajaanza kukana.

Ila kichwa cha mshairi hakilali njaa. Alipofika kwao alikuwa amepata njia, na aliiona njia hiyo nzuri kiasi kwamba karibu aitungie shairi. Kwetu mtu akimwaga damu, jamaa zake humpeleka alfajiri mbele ya nyumba ya waliokosewa. Hupiga magoti pale, amefunikwa mkeka wa heshima kichwa mpaka chini, hasemi neno, hadi mwenye nyumba atoke auondoe mkeka. Ndiyo ifoga, nayo imezuia vita vingi. Pasilio alifikiri hivi: katika ifoga mtu hasemi, basi hatasema naomba. Katika ifoga mtu amefunikwa, basi hataonekana. Sakaria huamka mapema. Atauondoa mkeka, atampa chuma, na kabla moshi haujapanda kwenye majiko yeye atakuwa mnarani. Ili kukwepa neno dogo moja, aliamua kutumia desturi kubwa kuliko zote tulizo nazo.

Kwa hiyo Jumamosi, mbingu ikianza kuwa kijivu, aliuvuta mkeka wa heshima wa mama yake kutoka chini ya magodoro, ule laini kama kitambaa, wenye pindo la manyoya mekundu, akavuka nao kijito, akapiga magoti mbele ya nyumba ya Sakaria na kujifunika.

Alisahau jambo moja, kwamba Lotovai nyumba hazina kuta. Na la pili, kwamba hakuna mtu aliyeiona ifoga kwa miaka mingi, na kwamba mkeka wa heshima juu ya mtu aliyepiga magoti huonekana kutoka barabarani kama bendera.

Wa kwanza kumwona alikuwa mwanamke aliyekwenda kuchota maji. Pasilio alisikia ndoo ikianguka, kisha miguu ikikimbia. Halafu, kwa mbali, akasikia gogo. Mzee Visesio alikuwa ameambiwa pameuawa mtu ng'ambo, naye kwa kuwa kengele ilikuwa imefungiwa na sheria ya Kanisa, alilipiga gogo kwa nguvu zote za uzee wake. Watu wakatoka pande zote mbili za kijito. Chini ya mkeka mlikuwa na joto na harufu ya godoro na mafuta ya nazi, na sauti zikamjia Pasilio kama mtu aliyezikwa anayewasikia waliokuja kumzika.

"Nani amekufa?"

"Atakuwa mtoto wa Sakaria."

"Watoto wake wote hawa hapa."

"Basi mkewe."

"Mkewe ndiye aliyesimama kando yako."

Mtu mmoja akasema ni ajali ya gari. Mwingine akauliza mwenye gari ni nani. Wazee wa baraza wakafika na kutaka nafasi ipatikane, mchungaji akafika, Padre Lafaele akafika, Pasilio akazijua ndala zake zinavyopiga visigino. Kisha akawasikia wakizunguka nyuma yake, mahali miguu ilipotokeza nje ya mkeka.

"Angalieni nyayo hizo. Kama makoleo."

"Ni za Pasilio."

"Haiwezekani. Pasilio hapigi magoti hata kanisani."

Ikafuata sauti ambayo Pasilio angetoa roho asiisikie mahali pale, nayo ilikuwa ya mama yake, Malekalita.

"Mkeka huo ni wangu," mama alisema taratibu. "Pindo hilo nimelishona kwa mkono wangu. Umewekwa kwa ajili ya maziko yangu. Nani amekufa kabla yangu?"

Hapo Sakaria alitoka, mswaki mdomoni. Wazee walimwuliza kwa heshima ni nani aliyefariki nyumbani kwake. Sakaria akatema povu la dawa ya meno pembeni.

"Jogoo," akasema.

Hakuna aliyecheka, maana watu walidhani ni jina la ukoo. Sakaria akaja, akainama kwa tabu ya kitambi chake, akaushika mkeka kwa pembe mbili na kuuondoa. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, likampiga Pasilio usoni, na mbele yake palikuwa Lotovai yote, Wakatoliki kushoto, Waprotestanti kulia, na Seletute katikati, nywele hazijasukwa bado.

"Mwanangu, mkeka ni wa damu ya mtu," Sakaria akamwambia kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na mzaha. "Mimi nilitaka neno moja."

Pasilio alitazama mikono yake.

"Mzee Sakaria," akasema. "Naomba."

"Unaomba nini?"

"Ulimi wa Ana."

Basi ikabidi aeleze, na alieleza yote, kwa maana ukiisha kupiga magoti mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya kuku hakuna tena cha kuhifadhi. Alieleza ukanda, na kamba iliyokuwa nyepesi, na Amina. Alieleza magugu ya makaburini. Watu walianza kucheka kwa nyuma, wale wasiosikia vizuri wakaelezwa na wa mbele, na kicheko kikasafiri mpaka barabarani kikarudi. Mchungaji alicheka huku ameshika mshelisheli. Mzee Visesio hakucheka, alikuwa bado ana rungu la gogo mkononi, akilipima uzito.

Seletute alingoja kicheko kipungue.

"Kwa hiyo hukusikia moyoni," akasema.

"Sikusikia kitu," Pasilio akamjibu. "Nilikuwa nimefumba macho."

Seletute akatikisa kichwa, lakini hakuondoka.

Padre Lafaele alisema kwanza angependa arudishiwe mkono aliompa Alhamisi. Halafu akatoa hukumu. Wengi walitarajia Pasilio anyang'anywe kamba, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuiaga moyoni. Padre akasema hapana, kumficha kungekuwa kumpendelea. Aliyeuangusha ulimi ataupandisha, na jioni atavuta mbele ya wote, na ataitazama leso. Mama yake alikung'uta mkeka, akaukunja, akasema yeye naye hukumu yake ipo shambani, inamngoja Jumatatu.

Sakaria akautungua ulimi kutoka mshelisheli kwa masikitiko ya wazi. Ukanda aliukata kwenye kiti cha basi bovu lililolala nyuma ya jiko lake, mkanda mpana wa kujifungia abiria. Alisema ulikuwa umezuia watu wazito kuliko Ana. Akaushika mtungi wake, akaufuta kwa kiganja, akaurudishia ile nondo ya zamani.

Jioni ile, jua lilipokwisha kuzama, tuliwasha moto wa Pasaka mbele ya kanisa, tukaingia na mishumaa, tukasikiliza masomo yote, marefu kama safari ya Waisraeli yenyewe. Pasilio alikuwa mnarani, amesimama kwenye mbao, jicho limeganda dirishani. Ulimi ulikuwa mahali pake. Safari hii kweli. Padre akaanzisha Utukufu. Mishumaa yote ya altare ikawaka, na Ana akafungua kinywa.

Alivuta kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Hakufumba macho, hakupepesa. Alikuwa hajawahi kuitazama leso ya Seletute kwa makini hivyo, na kusema kweli hakuitazama leso peke yake. Kanisa lilikuwa limejaa, mishumaa imeongeza joto. Ubeti wa pili ulikuwa haujaisha, Seletute akainua leso, akajifuta jasho la paji la uso.

Pasilio akaacha. Aliikamata kamba kwa mikono miwili na kifua, Ana akanyamaza palepale, vizuri, bila hata mkia. Na kutoka chini, katika kimya cha kengele, ikamjia sauti ya kwaya iliyokuwa bado katikati ya Utukufu, ikiwa na nusu nzima ya kuimba, na sauti za akina mama zikianza kutetemeka kwa kicheko kilichobanwa.

Alisimama na kamba kifuani. Kuanza tena ni kukiri. Kutoanza ni kumfufua Kristo nusu. Angali anapima, ng'ambo ya kijito kitu kikakohoa.

Sakaria alikuwa ameketi ukingoni mwa nyumba yake, mahali ambapo mtu husikia kwaya na kengele zote mbili, na alikuwa amesikia kengele ikikatika. Akasimama akashika nondo. Mtungi ukagonga kwa mlio wake ule ule wa pipa, na ukaendelea, ukifuata wimbo wetu neno kwa neno kana kwamba umeupata utotoni. Kwaya ikashika moyo. Pasilio akasikiliza mapigo manne, akaachia kamba na kuufuata mtungi. Hivyo Utukufu wa mkesha wa Pasaka uliimbwa Lotovai na Wakatoliki, ukaongozwa na mtungi wa gesi, na Ana akienda nyuma yake kama mke mdogo aliyekaripiwa.

Leso ilipanda, safari hii juu kabisa. Kwaya ikaimba Amina. Sakaria akanyamaza juu ya Amina, sawasawa, kama uzi uliokatwa kwa jino.

Na baada ya Amina, katika kimya kile kitakatifu, peke yake kabisa, Ana akasema: ngo.

Pasilio alijaribu baadaye kulitungia tukio hilo shairi. Alihesabu vidoleni asubuhi hadi jioni, akafuta, akaanza tena. Kila mara mstari wa mwisho ulizidi silabi moja.